Ukuta wa Tumbo la Binti Yangu

Nina tumbo bovu. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoanzisha yote, ingawa watu wa Bariadi wanaonijua hawahitaji kuambiwa. Tumbo langu halitaki maharage, halitaki kabichi, maziwa ndiyo kabisa, na siku nyingine linakataa hata chai ya rangi. Niliwahi kuteremka kwenye basi pale Dutwa, mahali ambapo sikuwa na shughuli yoyote, na mzigo wangu ukaenda Mwanza peke yake. Kazi yangu ni kupiga lipu kwenye nyumba za watu, na nikipewa nyumba mpya, kabla sijauliza saruji iko wapi, nauliza kwanza choo kiko wapi.

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo ya jambo hili, na niliyatoa kila nilipokaa mezani na watu. Nilisema mama yangu ndiye aliyeniharibia tumbo. Kwetu Lingeka, wilaya ya Meatu, nilieleza, nililambishwa samli siku ya pili na kunyweshwa maziwa ya ng'ombe kabla hata kitovu hakijadondoka. Nilikuwa nayasema hayo hata mama akiwepo, huku nikiigiza jinsi kitoto kinavyolamba kidole, na watu wanakufa kwa kicheko. Mama naye alikuwa akicheka, au angalau alikuwa akionyesha meno.

Kwa hiyo mke wangu alipopata mimba niliapa jambo moja tu, kwamba mtoto huyu hatarithi tumbo langu.

Kliniki walisema akina baba wanakaribishwa, nami nikaenda, nikajikuta dume peke yangu kati ya akina mama kama ishirini. Nesi aliyetufundisha alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Alituambia kwamba utumbo wa mtoto mchanga ni kama ukuta wa tofali ambao haujapigwa lipu. Kati ya tofali na tofali kuna nafasi. Maziwa ya mama, hasa yale mazito ya njano ya siku za mwanzo, ndiyo yanayosaidia nafasi zile kuzibika, na ndiyo yanayolisha vijidudu rafiki wanaokaa ndani kuulinda ukuta. Ukimwingizia mtoto uji, maziwa ya ng'ombe au kitu kingine mapema, unampelekea uchafu wakati matundu bado yako wazi, na uchafu unapenya.

"Miezi sita, maziwa ya mama tu," alisema. "Baada ya hapo ndipo mtaanza uji na vyakula vingine, kidogo kidogo. Kabla ya hapo, hakuna kitu."

Sijui kama unaweza kuelewa jinsi nilivyojisikia. Maisha yangu yote wataalamu wameniambia mambo ya tumbo kwa maneno nisiyoyajua, na leo mmoja anazungumza lugha yangu ya kazini. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama hiyo lipu ni ya tabaka moja au mawili. Akina mama wakaangua kicheko. Nesi akanitazama kwa muda, akasema mawili. Nadhani alitaka tu ninyamaze, lakini mimi niliandika.

Tangu siku hiyo nikawa mhubiri wa utumbo. Kwenye nyumba niliyokuwa naifanyia kazi nilichukua mkaa, nikawachorea mafundi wenzangu utumbo mzima ukutani, kuanzia juu mpaka kule unakoishia, na nikaweka tofali na matundu yake. Mwenye nyumba alipita kukagua, akasimama mbele ya ule mchoro akiwa amekunja uso, akauliza kama ndiyo ramani ya maji taka. Nilimwambia kwa namna fulani, ndiyo.

Mke wangu alijifungua binti, msimu ule wa kununua pamba. Mama yangu alipomaliza kuuza pamba yake akapanda basi la kwanza kuja kumwona mjukuu. Alifika alasiri na mfuko mkubwa wa sandarusi, na kabla hajakaa akasalimia kila mtu mmoja mmoja.

"Mwadila mayu," alimwambia mke wangu kwa Kisukuma, habari za mchana, mama.

"Mwadila mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Yuko wapi mgeni?"

Mgeni akaletwa. Mama akampakata, akamnusa kichwani, akamsifia masikio, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko na kutoa kopo la zamani la siagi. Nilijua kilichomo kabla hajalifungua. Ilikuwa samli ya nyumbani, iliyotoka kwa ng'ombe aliyekuwa ametengwa kwa ajili ya mtoto huyu tangu mama aliposikia kuna mimba. Katika ukoo wetu mtoto hulambishwa samli ya ng'ombe wake, ndipo huhesabiwa amekaribishwa.

Nilisimama katikati yao kama polisi wa barabarani. Nikamweleza mama habari za tofali, za nafasi, za matabaka mawili na za vijidudu rafiki. Nilitumia mikono sana. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yote, akasema, "Baba, mtoto huyu ni nyumba?"

"Tumbo lake, mama. Tumbo lake ndiyo nyumba."

"Haya," akasema, akaliweka kopo juu ya kabati, pembeni ya televisheni, pale ambapo kila mtu angeliona.

Mimi ni mtu wa kushuku. Usiku ule sikumwamini mama, na kesho yake asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikusanya vijiko vyote vya nyumba, vikubwa kwa vidogo, nikavitia kwenye mfuko wangu wa kazi pamoja na miiko ya lipu. Mama alikuwa amekaa mlangoni akinitazama. Aliinua kidole chake cha shahada, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

Nilikwenda na vijiko hivyo hivyo, ukaidi tu. Kwa muda wa miezi yote iliyofuata mke wangu alikoroga chai kwa uma, na wageni walidhani ndiyo mtindo mpya wa mjini. Saa nne asubuhi nilikuwa napiga simu nyumbani kuuliza ukuta unaendeleaje, mpaka mke wangu akaacha kupokea. Kila nikirudi jioni nililitazama kopo kwanza, nikilipima kwa macho kama samli imepungua, ndipo nikamsalimia mama yangu. Kila asubuhi naye alilitazama kopo na kuniuliza, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado." Mambo yalikwenda hivyo.

Aliyemaliza ubishi hakuwa mimi. Jioni moja mke wangu, ambaye amekulia Nassa kwa wakulima na wavuvi na hajui sana mambo ya mifugo, alikuwa ananyonyesha, na mama anachambua choroko kwenye ungo.

"Mama," mke wangu akauliza, "ng'ombe akizaa kule kwenu, mnaanza kumkamua siku ileile?"

"Hapana, mayu. Maziwa ya mwanzo ni ya ndama. Ni mazito, ya njano. Ndama akiyakosa anaharisha, anakonda, wengine wanakufa. Hayo hatuyagusi."

"Nesi anasema na mtoto ni hivyo hivyo. Tumbo lake bado halijakomaa, na maziwa ya mama ndiyo yanalikomaza."

Mama akaacha kuchambua.

"Sasa mbona huyu bwana ananihubiria tofali?" akauliza.

Kesho yake alilitoa kopo juu ya kabati, akalipeleka jikoni, na mchana tukala viazi vilivyokaangwa kwa samli ya mtoto. Hakuniuliza tena kama bado. Mimi badala ya kufurahi nilizidi kushuku, maana nilidhani ni ujanja wa kunilegeza. Hayo ndiyo matatizo ya mtu anayejiona ndiye mwenye elimu ndani ya nyumba.

Basi ikafika Oktoba, binti ana miezi minne na siku kadhaa. Anayeijua Oktoba ya Bariadi anajua ninachosema. Mvua bado, mawingu yanapita juu yanatucheka, na bati la nyumba linalia lenyewe kwa joto. Jumamosi moja mke wangu alikuwa na kikao cha harusi ya rafiki yake. Akamnyonyesha mtoto, akanikabidhi, akasema baada ya saa moja tu atakuwa amerudi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba kwenye kivuli, na choroko zake.

Mtoto alinyamaza dakika tano. Kisha akaanza kulia. Nikamtembeza sebuleni, nikamwimbia wimbo wa jeshini ambao ndio pekee ninaoujua mpaka mwisho, akazidi. Nikamletea pima maji yangu ya kazini, nikamwonyesha kile kipovu cha hewa kinavyokwenda na kurudi. Alikitazama kwa makini kabisa, kisha akalia kama aliyepewa habari mbaya. Kichwa chake kilikuwa cha moto, midomo naiona imekauka. Nikampigia mke wangu simu, haipokelewi. Ningeweza kumwita mama. Sikumwita, kwa sababu mlinzi hawezi kumwita mwizi amsaidie kulinda.

Sasa naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu wazo lililonijia lilikuwa na akili yake. Kila fundi anajua kwamba lipu mpya haiachwi ikauke yenyewe kwenye jua. Inamwagiliwa asubuhi na jioni, siku kadhaa, la sivyo inapasuka ukuta mzima. Wiki ileile nilikuwa nimegombana na mwenye nyumba aliyesahau kumwagilia ukuta wangu, nikampa vidonge vyake. Na hapa nimeshika ukuta wa miezi minne, kwenye joto hili, ambao haujapata hata tone la maji tangu ujengwe. Nikauona unapasuka kwa ndani. Nesi alisema asipewe uji na maziwa ya ng'ombe. Nilikuwa na hakika kwamba maji hakuyataja, na hata kama aliyataja, nilijiambia, yeye ni nesi tu, si fundi.

Vijiko havikuwepo, nilikuwa nimevificha kazini mwenyewe. Nikachukua kizibo cha chupa ya soda, nikachota maji ya ndoo, nikammiminia kidogo mdomoni. Akakunja uso, akameza, akanitazama. Nikampa cha pili. Cha tatu akakilamba. Akanyamaza, akashusha pumzi ndefu, akalala begani kwangu, nami nikasimama katikati ya sebule nikiwa nimevimba kichwa, nikajiona baba bora wa mkoa wa Simiyu.

Jumatatu asubuhi mtoto aliamka anaharisha. Kufika saa tatu alikuwa ameharisha mara nne, na macho yake yamelegea. Mke wangu alitutazama sote wawili, mimi na mama, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amempa kitu?"

Nikamgeukia mama. Niandike ukweli, nilipomgeukia sikuwa nadanganya. Vile vizibo havikunijia kabisa akilini, maana kwangu lile halikuwa kumpa kitu, lilikuwa kumwagilia. Akilini mwangu palikuwa na samli tu, miezi minne ya samli.

"Mama, umemlambisha nini?" nikasema. "Mimi uliniharibia tumbo nikiwa mchanga, sasa umekuja kumharibia na huyu?"

Maneno yaleyale niliyokuwa nayasema mezani miaka yote. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama alikwenda chumbani, akaukunja mfuko wake wa sandarusi, akaanza kuweka nguo moja moja, na aliporudi alimwambia mke wangu kwamba kesho atapanda basi la kurudi Meatu.

"Ila kwanza tumpeleke mtoto hospitali," akasema, akajifunga kanga vizuri.

Nesi alikuwa yuleyule. Akampima mtoto, akambonyeza tumbo, akamvuta ngozi kidogo kuona kama amekaukiwa maji mwilini, akasema tumewahi. Akaandika dawa, akaeleza namna ya kumnywesha, akasisitiza anyonye kila anapotaka na zaidi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Haya. Amekula nini?"

"Hajala kitu," mke wangu akasema.

"Samli? Maziwa? Uji mwepesi?"

Nikakohoa na kumtazama mama yangu.

"Maji?" nesi akauliza. "Maana watu husahau kwamba hata maji ni kitu. Nawaimbia kila siku, hata tone la maji, hapana."

Hapo ndipo kizibo cha soda kiliponirudia. Nilihisi tumbo langu likigeuka, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua kabisa sababu yake.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilimpa maji, Jumamosi. Alikuwa analia."

Kumbe alikuwa ameniona. Lile dirisha la sebuleni linatazama nyuma, kwenye kivuli alikokuwa amekaa na ungo wake. Aliniona mwanzo mpaka mwisho, na vizibo vyote vitatu.

Nesi akamshukia. Alisema mambo mengi, na ile sauti yake haikujua kwamba nje kuna benchi limejaa akina mama wanaosikia kila neno. Alisema mabibi hawa wanatoka vijijini na mambo yao ya zamani, wanakuja kuharibu kazi iliyofanywa kwa miezi. Mama aliinamisha kichwa, na kila nesi alipovuta pumzi alijibu, "Wabeja, mayu," asante, mama. Mke wangu alitazama sakafu. Mimi nilikuwa nasoma bango la ukutani lenye picha ya boga. Nilisoma kuhusu lile boga mara tatu, na bado naweza kukueleza faida zake zote. Aibu ninayoiona nikikumbuka siku ile haitokani na maji. Inatokana na lile boga.

"Ni mimi," nikasema hatimaye. "Mama hajampa kitu. Nilimpa mimi, kwa kizibo."

Nesi akageuka. Akauliza kwa nini. Nikamweleza, kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia, kwamba lipu mpya isipomwagiliwa inapasuka. Nilieleza mpaka habari za asubuhi na jioni. Kisha benchi la nje likalipuka, kicheko cha akina mama kikapita mlangoni kama maji ya mfereji, na nesi mwenyewe akafunika uso kwa kadi ya kliniki, mabega yakimtikisika.

"Fundi," akasema alipoweza kusema, "mwanao si ukuta. Nilitoa mfano tu."

"Sasa najua."

"Matabaka mawili," akasema, akaanza tena kucheka.

Mke wangu hakucheka. Alimchukua mtoto mezani, akanipita nilipokuwa nimenyoosha mikono, akampa mama yangu ambebe, kisha akaenda dirisha la dawa peke yake. Tukatoka mimi na mama, tukakaa kwenye ukingo wa baraza kumsubiri. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mama, mdomo wazi.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nikamuuliza.

"Mimi kesho narudi kwetu," akasema. "Wewe ndiye unabaki naye. Mama yake asipokuamini, utaachiwaje mtoto?"

Nikasema samahani mama, kwa yale maneno ya asubuhi, na kwa ya miaka yote. Nilisema vibaya, nikijiumauma.

"Wewe samli ulilambishwa na bibi yako, tone moja, siku ya kukukaribisha," akasema. "Sababu ya yale maziwa sikuwahi kukueleza, ulikuwa unafurahi ukiyasimulia. Ulipozaliwa nilishikwa na homa. Maziwa yakakata. Siku mbili ulilia, na mimi hata kukaa siwezi. Kulikuwa na ng'ombe amezaa kwa jirani. Nilijua yale maziwa ni ya ndama, kila mtu anajua. Nikaomba niletewe, nikakupa."

Akamrekebisha mtoto mgongoni, akaivuta kanga ifunike miguu yake.

"Huyu, ulipompa maji, alinyamaza?"

"Alinyamaza," nikasema.

"Basi unajua," akasema mama, akanituma nikaite bodaboda kabla jua halijazidi kuwa kali.